AFYA YAKO: KIUNGO KILICHOUNGUA KISIACHWE KIKAKAMAE

Somo letu la leo linahusu viungo vilivyoungua moto, hasa goti, kiwiko, kwapa na vidole. Tutaanza na habari ya mashine iliyo mbali sana na sisi. Kisha tutarudi nyumbani, kwenye mkeka anapolala mgonjwa wako.

Huenda umesikia redioni habari za roboti, au kijana wako amekuonyesha moja kwenye simu. Roboti ni mashine inayofanya kazi kwa kuongozwa na kompyuta. Neno lenyewe lilitoka Ulaya, katika lugha ya Kicheki. Mwaka 1920 mwandishi mmoja wa huko, Karel Čapek, aliandika mchezo wa kuigiza juu ya watu waliotengenezwa kiwandani ili wawafanyie wenzao kazi. Aliwaita roboti, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Wazee wetu waliolimishwa pamba kwa shuruti wakati wa Wajerumani wangelielewa neno hilo mara moja.

Siku hizi ziko roboti za hospitali. Baadhi yao kazi yao ni moja tu: kumfundisha mgonjwa kutembea tena.

MASHINE YA SEOUL

Korea Kusini ni nchi iliyoko mashariki ya bara la Asia. Mji wake mkuu ni Seoul. Katika mji huo iko hospitali iitwayo Hangang Sacred Heart, ambayo inajulikana kwa kutibu watu walioungua. Madaktari wa hospitali hiyo wamewajaribia roboti wagonjwa walioungua miguu.

Mgonjwa hufungwa mikanda kiunoni, mapajani na miguuni. Mikanda hiyo imeunganishwa na vyuma vyenye mota. Mota ziko kwenye nyonga na kwenye magoti. Mashine ikiwashwa, vyuma huunyanyua mguu, hulikunja goti, halafu huunyoosha mguu na kuuweka chini. Kisha huja mguu wa pili. Mgonjwa hawezi kuanguka, maana mashine imemshika, na sehemu ya uzito wake imebebwa. Akiwa hana nguvu, mashine hufanya kazi kubwa. Nguvu zikirudi, mtaalamu huipunguzia mashine kazi, na mgonjwa mwenyewe huanza kujitegemea.

Mwaka 2020 madaktari hao walitoa taarifa ya utafiti wao. Baadhi ya wagonjwa walifanya mazoezi kwa kusaidiwa na roboti, na wengine walifanya mazoezi ya kawaida. Madaktari walipima mgonjwa anatembea umbali gani kwa dakika sita. Walipima pia goti na kifundo cha mguu vinakunjika kiasi gani, na maumivu ni makali kiasi gani. Waliotumia roboti walionyesha maendeleo mazuri katika kutembea.

Sasa, siri ya mashine hiyo ni nini? Haina dawa ndani yake. Haiponyi kidonda. Inachofanya ni kurudia. Kwa nusu saa inaweza kumtembeza mgonjwa mamia ya hatua, na hatua ya mwisho inafanana na ya kwanza. Haichoki wala haikasiriki, na haina shamba linaloisubiri. Mtaalamu wa mazoezi aliye binadamu huumwa mgongo baada ya kuinua mguu wa mgonjwa mara mia. Ndiyo maana wataalamu walitafuta mashine ya kuwasaidia. Hata hivyo, mtaalamu hakuondoka. Anasimama pembeni, anaangalia uso wa mgonjwa, na anaisimamisha mashine inapobidi.

Siandiki haya ili uitamani mashine hiyo. Ni ghali mno, na sitegemei kuiona katika hospitali ya wilaya kesho wala keshokutwa. Nayaandika kwa sababu kazi ile ya kurudia ndiyo kazi inayokosekana katika nyumba zetu. Nayo haihitaji umeme.

KOVU LINAVYOVUTA

Ngozi ikiungua juu juu hupona bila taabu kubwa. Ikiungua kwa kina, mambo ni mengine. Kidonda hupona kwa kuvuta kingo zake ili zikutane. Ni kama mfuko unaofungwa kwa kamba mdomoni. Ukivuta kamba, mdomo wa mfuko hukunjamana na kuwa mdogo.

Kidonda kikiwa juu ya paja katikati, kuvuta huko hakuleti hasara kubwa. Lakini kikiwa nyuma ya goti, kovu linapovuta hulikunja goti. Kikiwa ndani ya kiwiko, hukunja mkono. Kikiwa kwapani, huubana mkono ubavuni. Kikiwa shingoni, hukishusha kidevu kifuani. Kikiwa kiganjani, vidole hujifunga kama ngumi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili. Kovu huendelea kuvuta hata baada ya kidonda kufunga. Huvuta kwa miezi mingi, mara nyingine mwaka mzima na zaidi. Familia hufurahi kuona kidonda kimekauka. Wanasema, "Mtoto amepona," na wanarudi kwenye shughuli zao. Miezi mitatu baadaye mtoto anachechemea. Miezi sita baadaye anatembea kwa ncha za vidole, goti limekunjika. Hapo baadhi ya watu huanza kusema amerogwa. Hakurogwa. Kovu lilikuwa likifanya kazi yake kila siku, na hakukuwa na mtu wa kushindana nalo.

Tena sisi wenyewe tunalisaidia kovu bila kujua. Mgonjwa aliyeungua hukaa katika mkao unaompunguzia maumivu. Aliyeungua nyuma ya goti hulikunja. Nasi kwa huruma tunamwekea mto au nguo chini ya goti ili apumzike. Ndugu msomaji, kama kuna jambo moja tu utakalolikumbuka katika ukurasa huu, likumbuke hilo la mto. Uondoe. Mkao unaompa mgonjwa raha leo ndio mkao atakaoganda nao kesho.

USAHA NDANI YA KIUNGO

Kabla ya kuzungumza juu ya mazoezi, ni lazima tuzungumze juu ya hatari nyingine, maana ikiwapo, mazoezi yanasubiri.

Ngozi ni ukuta wa mwili. Huzuia vijidudu visiingie. Moto ukichoma ngozi, ukuta umebomoka. Vijidudu huingia kwenye kidonda, na visipozuiwa huenda ndani zaidi. Mahali ambapo ngozi ni nyembamba na mfupa uko karibu, kama kwenye maungio ya vidole, kiwiko na goti, vijidudu vinaweza kupenya mpaka ndani ya kiungo. Vinaweza pia kupita katika damu na kutua kwenye kiungo kilicho mbali na kidonda. Kwa hiyo usishangae mtu aliyeungua mkono akivimba goti.

Chukua mguu wa kuku aliyepikwa. Angalia mwisho wa mfupa. Utaona kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hicho huitwa gegedu. Sisi pia tunalo katika kila kiungo. Gegedu ndilo linalofanya mfupa mmoja uteleze juu ya mwingine bila kusagana. Usaha ukiingia ndani ya kiungo hulila gegedu hilo, na huweza kuliharibu kwa siku chache tu. Gegedu likiharibika halioti upya kama lilivyokuwa. Mifupa hubaki ikisagana, na mara nyingine hushikana ikawa kitu kimoja.

Utajuaje kwamba kiungo kimeingia usaha? Huvimba. Ukikigusa kwa mgongo wa kiganja chako, ni cha moto kuliko cha upande wa pili. Mgonjwa ana homa, ingawa mtoto mdogo sana au mzee anaweza asiwe nayo. Lakini dalili kubwa ni maumivu anaposogezwa. Kidonda cha moto huuma kwenye ngozi. Kiungo chenye usaha huuma ndani, na hata ukikisogeza kidogo tu, mgonjwa hupiga kelele. Mtoto aliyekuwa ameanza kukanyaga hukataa kukanyaga. Mtoto mchanga hauchezeshi mguu huo, anauacha tu umelala.

Ukiona hivyo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri siku ya gulio ili upate usafiri wa bure. Usimkande kwa maji ya moto. Usimchue. Usimchanje chale, wala usitoboe uvimbe kwa wembe. Ukitoboa, utafungua mlango mwingine wa vijidudu.

Hospitalini daktari huingiza sindano ndani ya kiungo na kuvuta majimaji ili ayachunguze. Akikuta usaha, huutoa na kukiosha kiungo, mara nyingi katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa hupewa dawa za kuua vijidudu, kwanza kwa mshipa, baadaye vidonge. Matibabu hayo huchukua wiki kadhaa. Homa ikishuka siku ya tatu, si ruhusa ya kuacha dawa. Vijidudu vilivyobaki hurudi, na safari hii huwa vigumu kuuawa.

KUPUMZISHA AU KUCHEZESHA?

Hapa pana ubishi wa siku nyingi kati ya waganga wenyewe, na ni vizuri uujue, maana utasikia ushauri wa namna mbili.

Huko Liverpool, Uingereza, aliishi daktari wa mifupa aliyeitwa Hugh Owen Thomas. Alifariki mwaka 1891. Yeye alifundisha kwamba kiungo kinachougua kipumzishwe kabisa, kwa muda mrefu, bila kusogezwa. Alitengeneza gango la chuma la kushikilia mguu, na gango la namna hiyo bado lina jina lake hospitalini. Gango hilo limesaidia watu wengi waliovunjika mapaja. Lakini kwa kufuata fundisho lake, viungo vingi vilivyokuwa na usaha vilifungwa plasta ngumu, vikaachwa. Usaha ulipokwisha na plasta ilipofunguliwa, kiungo kilikuwa kimekakamaa.

Miaka ya 1970 daktari mwingine, Robert Salter, wa hospitali ya watoto ya Toronto nchini Kanada, aliuliza swali la kinyume. Je, kama kiungo kingechezeshwa polepole, bila kusimama, ingekuwaje? Alitengeneza mashine ndogo ya kukunja na kunyoosha magoti ya sungura. Mwaka 1981 yeye na wenzake walitoa taarifa juu ya sungura waliokuwa na vijidudu ndani ya goti. Wengine walifungwa plasta. Wengine waliachwa watembee kizimbani. Wengine walichezeshwa magoti na mashine, usiku na mchana. Magoti yaliyochezeshwa na mashine ndiyo yaliyohifadhi gegedu vizuri kuliko mengine.

Mashine hiyo ya Salter ilikuja kutumika kwa watu pia. Roboti za Seoul ni ndugu zake wadogo, zenye akili zaidi.

Lakini angalia, ndugu msomaji. Usikimbilie kuchezesha goti lenye usaha kwa sababu ya sungura wa Kanada. Sungura wale walikuwa mikononi mwa madaktari. Usaha ukiwa bado ndani, kiungo kinatakiwa kutulia katika mkao mzuri, huku kinatibiwa. Daktari akishatoa usaha, homa ikashuka na uvimbe ukapungua, ndipo atakaposema, "Sasa anzeni." Mara nyingi husema hivyo mapema kuliko tunavyotegemea, baada ya siku chache tu. Kosa letu kubwa ni kwamba akishasema hivyo, hatuanzi. Tunaogopa kumwumiza mgonjwa. Hata roboti ya Seoul hufuata utaratibu huo. Mgonjwa mwenye homa na usaha hafungwi mikanda yake, wala mikanda haikazwi juu ya kidonda kibichi au ngozi iliyopandikizwa jana.

KAZI YA NYUMBANI

Tuseme mtoto wa miaka sita alimwagikiwa uji wa moto nyuma ya goti. Amelazwa hospitali wiki tano. Goti liliingia usaha, likaoshwa, likapona. Kidonda kimefunga. Anarudi kijijini, na goti halinyooki vizuri. Mama na bibi yake wafanye nini?

Kwanza, kulala. Mtoto alale goti limenyooka. Alale chali bila mto chini ya goti. Ni vizuri zaidi alale kifudifudi kwa muda, kwani uzito wa mguu wenyewe hulinyoosha goti. Kama hospitali imempa gango, avishwe kila usiku. Asubuhi livuliwe na ngozi iangaliwe. Ukiona wekundu, weusi mpya au lengelenge, gango linabana. Ukiona vidole vya mguu vimevimba au ni vya baridi, lifungue mara moja.

Kwa viungo vingine mkao ni huu. Aliyeungua ndani ya kiwiko anyooshe mkono. Aliyeungua kwapani alale mkono ukiwa umepanuliwa mbali na ubavu, kama mtu anayeonyesha njia pembeni. Aliyeungua shingo mbele asilalie mto kabisa. Aliyeungua mguu chini, wayo usimame wima kama umekanyaga ukuta, usilale kama wa mtu anayechungulia dirishani. Vidole vilivyoungua vifungwe bendeji kimoja kimoja. Vikifungwa pamoja vikiwa na vidonda, hushikana na kuwa kama mguu wa bata.

Pili, kunyoosha. Osha mikono. Kovu likiwa limefunga kabisa, lipake mafuta safi, hata mafuta ya nazi yanafaa, ili lisipasuke. Shika paja kwa mkono mmoja na mguu chini ya goti kwa mkono wa pili. Nyoosha polepole. Utaona kovu linakaza na kupauka. Hapo ndipo penyewe. Usivute zaidi, lakini usirudi nyuma pia. Hesabu mpaka kumi, taratibu. Kisha likunje goti polepole, halafu linyooshe tena. Fanya hivyo mara kumi.

Usivute kwa ghafla. Kiwiko hasa hakitaki kulazimishwa. Kiwiko cha mtu aliyeungua sana kikivutwa kwa nguvu huweza kuota mfupa mahali pasipo na mfupa, na hapo hakikunjiki tena kabisa.

Mtoto atalia. Hili ni gumu, na sitaki kulipitia haraka, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. Baba anasikia kilio anasema, "Mwacheni mtoto, mnamtesa." Bibi anambeba mgongoni, goti likiwa limekunjika. Wote wanampenda. Mwulize mganga wa zahanati kiasi cha paracetamol kinachomfaa mtoto wa umri huo, umpe nusu saa kabla ya zoezi. Mwache mtoto mwenyewe ahesabu moja mpaka kumi. Mtoto anayehesabu anajua mwisho uko wapi, na kilio hupungua. Mtu yule yule amnyooshe kila siku, ili mtoto amzoee mkono wake. Mara zoezi linapokwisha, acheni. Msimdanganye kwa kumwambia "moja ya mwisho" halafu mkaongeza mbili.

Tatu, hesabu. Fanya mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi alasiri na mara kumi usiku. Kwa siku ni mara 40. Kwa wiki ni mara 280. Kwa mwezi wa siku 30 ni mara 1,200. Hiyo ndiyo kazi ya roboti, nawe umeifanya kwa mikono yako. Ukiruka siku moja kovu halitakuruka wewe, litavuta kama kawaida.

Roboti ina jambo jingine zuri: hupima. Nawe pima. Mtoto akae sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, mguu umenyooshwa. Pitisha kiganja chako katika nafasi iliyopo kati ya goti na sakafu. Wiki hii vidole vinne vilivyosimamishwa vimepita? Wiki ijayo labda vitatu. Andika kwenye daftari lako la kisomo. Kwa aliyeungua kwapa, simama naye ukutani, apandishe vidole vyake ukutani mpaka vinapofikia, uweke alama ya mkaa na tarehe. Alama zikipanda, endeleeni. Zikisimama kwa wiki mbili, au zikishuka, rudini hospitali bila kungoja.

Nne, kazi na mchezo. Mtu mzima aliyeungua kwapa aanike nguo kwenye kamba ya juu. Au mtundike kamba juu ya boriti, ashike ncha moja kwa mkono mzima na ya pili kwa mkono mgonjwa, aivute huku na huku. Aliyeungua vidole achambue mchele, apukuchue mahindi, akande unga. Mtoto wa goti apige mpira. Mpira ni zoezi lisilohitaji kubembelezwa.

Msisahau chakula. Mwili unaojenga ngozi unahitaji vyakula vya kujenga mwili, yaani maharage, dagaa, mayai, maziwa, karanga na nyama inapopatikana. Yai la mgonjwa lisiende kwa baba mwenye nyumba.

Wakati wowote wa mazoezi, kiungo kikivimba upya, kikawa cha moto, homa ikarudi au usaha ukatoka, acha zoezi na umrudishe mgonjwa hospitali siku hiyo.

SIKU YA AJALI YENYEWE

Nimeliacha jambo hili mwisho, ingawa ndilo la kwanza kutokea. Mtu akiungua, mwondoe motoni na uzime nguo zake. Kama ni mgonjwa wa kifafa aliyeangukia mafigani, mtoe upesi. Ziko sehemu ambako watu hurudi nyuma wakiogopa mate yake. Mate hayo hayaambukizi kifafa hata kidogo, na kila dakika ya woga wako ni nyama yake inayoungua.

Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri, kwa hiyo tumia saa. Maji hayo yanasaidia hata kama zimepita saa moja au mbili tangu ajali. Sehemu nyingine ya mwili ifunike, mgonjwa asipate baridi, hasa mtoto. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, unga, majivu, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo ndivyo vinavyoleta vijidudu tulivyovizungumza, na kinyesi kinaweza kuleta pepopunda. Usitumbue malengelenge. Kisha nenda kwenye matibabu. Moto ulioshika kiungo, uso, mikono au sehemu za siri si wa kutibiwa nyumbani, hata ukionekana mdogo.

Siku ya kutoka hospitali, usichukue vidonge na kuondoka tu. Mwombe muuguzi au mtaalamu wa mazoezi akuonyeshe kwa vitendo jinsi ya kunyoosha, kisha wewe ufanye mbele yake mpaka aseme sawa. Uliza pia alale vipi, gango livaliwe saa ngapi, na tarehe ya kurudi ni lini.

Na kama ndani ya nyumba yako yumo mtu ambaye kiungo chake kilikwisha kujikunja zamani, usimfiche. Madaktari wa upasuaji huweza kulikata kovu linalovuta na kupandikiza ngozi iliyochukuliwa pajani. Hospitali ya wilaya itakuelekeza kwenye hospitali kubwa. Baada ya upasuaji huo ataanza kulala kwa mkao, kuvaa gango na kunyooshwa mara kumi kila zoezi, sawa na yule mtoto wa uji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kitongoji chenu, ni nani aliyeungua akabaki na kiungo kilichojikunja? Alilala katika mkao gani alipokuwa na kidonda?

2. Kwa nini kiungo chenye usaha kisichuliwe?

3. Mtu anayenyooshwa mara kumi, mara nne kwa siku, atanyooshwa mara ngapi kwa wiki tatu?